Mama Priscah Jelagat na Blanketi za Viraka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, punguzeni kelele kidogo huko jikoni. Leo tunamkumbuka mshonaji. Jina lake Priscah Jelagat. Wengi hapa Eldoret walimwita Mama Esther. Alifariki Jumatatu nyumbani kwake Sugoi, na atazikwa huko huko Sugoi Jumamosi hii.

Mama Priscah alishona blanketi za viraka. Narudia, wasikilizaji: za viraka. Vile vipande ambavyo fundi akikata nguo vinaanguka chini, vinafagiwa, vinachomwa. Yeye aliviokota, akaviunganisha, akaweka bitana, na mtu akalala akiwa na joto. Kama umewahi kupitisha mwezi wa Julai Eldoret, huhitaji kuelezwa maana ya joto.

Alizaliwa Sugoi. Aliolewa na Mwalimu Wilson Kipkemboi, na mwishoni mwa miaka ya sabini wakahamia mtaa wa West Indies hapa mjini. Jirani yao alikuwa Mama Khadija Abdi, au Mama Yusuf. Yeye na mumewe, Mzee Osman, walikuwa na duka la vitambaa, na mafundi wa cherehani walikaa barazani. Siku moja Mama Priscah alimkuta Mama Khadija akifagia vipande.

"Unavipeleka wapi?" akamuuliza.

"Kwa moto. Unavitaka?"

Urafiki ulianza hivyo, wasikilizaji. Jumapili baada ya kanisa, wanawake hao wawili walisukuma meza kando na kumwaga gunia sakafuni. Buluu ya sare za shule, kaki, flaneli ya kijivu, kitenge, pindo za leso. Hawakuanza na sindano. Walianza kwa kupanga. Hiki hapa, hapana, kile pale. Walipiga magoti, wakasimama kutazama kwa mbali, wakavuruga, wakapanga tena. Blanketi zao walizipa majina. Moja iliitwa Mvua ya Mawe. Nyingine Shamba la Jirani, kwa sababu, walisema, la jirani huwa linapendeza kuliko lako.

Binti yake, Esther, ameniambia hivi: "Mama akianza blanketi mpya, ugali unaungua na hasikii harufu. Kumaliza alimaliza, lakini kuanza ndiko kulikokuwa na utamu. Yeye na Mama Yusuf walikuwa wakicheka kama wasichana. Moja haijaisha, wanatandika nyingine."

Miaka ikaenda hivyo. Blanketi zao ziliingia nyumba nyingi, za Wakristo na za Waislamu.

Sasa tufike mwisho wa mwaka wa 1989. Wazee mtakumbuka. Wakenya wenye asili ya Kisomali waliambiwa wajitokeze, wathibitishe kwamba ni Wakenya. Kitambulisho ulichokuwa nacho hakikutosha. Mama Khadija alizaliwa hapa, akasoma hapa, akazaa hapa. Aliambiwa ni vizuri aje na mtu wa kumtambua, mtu asiye wa ukoo wake. Akaenda kwa jirani.

"Mama Esther, utakuja kesho kunisimamia?"

"Nitakuja. Kama si mimi ni nani?"

Alisema atakuja. Wasikilizaji, shikeni hapo. Alisema atakuja.

Lakini jioni Mwalimu Wilson akasikia. Leo Mzee Wilson ni mtu mzima sana, na ameniruhusu nirudie maneno yake. "Nilimwambia, mimi ni mwalimu wa serikali. Ukisimama pale jina lako litaandikwa, na jina lako ni langu. Wakati ule mtu aliogopa hata kukohoa. Nilimwambia asiende."

Mama Priscah hakubishana. Asubuhi alituma ujumbe kwa jirani kwamba mama yake mzazi ameugua ghafla. Kisha akachukua mfuko wake wa vipande, akaenda kwa dada yake kule Chepsaita. Mama yake hakuwa mgonjwa. Alikuwa Sugoi, mzima, akipalilia mboga.

Kule Chepsaita, ili asifikirie, Mama Priscah alimwaga vipande sakafuni na kuanza blanketi mpya. Haya alimweleza Esther miaka mingi baadaye. Alisema kosa la kutokwenda alilijua. Lakini kulikuwa na jambo lililomwuma zaidi. "Nilifurahia," alimwambia binti yake. "Rangi zilikubali. Nilipanga, nikapanga, nikasahau kabisa. Mwenzangu amesimama peke yake mbele ya wale watu, na mimi nimepiga magoti nikitabasamu."

Aliporudi mjini alimkuta Mama Khadija akianika nguo.

"Mama yako amepona?" Mama Khadija akauliza.

"Amepona."

"Tumshukuru Mungu."

Siku ile ya kutambuliwa, Mama Khadija alipofika bila mtu wa kumtambua, aliambiwa arudi siku nyingine. Aliporudi akaambiwa vivyo hivyo. Mambo yakakwama, na leseni ya duka nayo ikakwama. Mwaka uliofuata Mzee Osman alifunga duka, akaihamishia familia Isiolo kwa ndugu yake. Lori lilipakiwa asubuhi. Mama Priscah alisaidia kubeba sufuria. Esther anakumbuka kwamba mama yake alibeba kila kitu alichopewa, na hakumtazama mtu usoni.

Baada ya hapo aliendelea kushona, lakini hakushona kama zamani. Esther anasema mama yake alikuwa akimwaga vipande, uso unang'aa, kisha anavirudisha mfukoni. Kesho yake anajaribu tena. Mtu akimsifu, anasema, "Wachana na hiyo."

Mwaka wa 1991 hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwambia mumewe, "Ninaenda Isiolo." Akaenda.

Mama Khadija alimfungulia mlango, akamkaribisha, akampikia chai ya maziwa. Walipomaliza chai akaleta gunia la vipande, akalimwaga juu ya mkeka. Wakaanza kupanga. Mikono yao ikiwa kazini, Mama Priscah akasema, "Mama Yusuf, siku ile mama yangu hakuwa mgonjwa."

"Najua," Mama Khadija akajibu. "Shika hapo, inateleza."

Wakaendelea na kazi mpaka jua likashuka. Habari hiyo haikutajwa tena, wala siku ile wala baadaye, ingawa kwa miaka yote iliyofuata walitumiana mifuko ya vipande kwa basi. Na Mama Priscah aliondoka Isiolo bila kujua kama amesamehewa. Mpaka wiki iliyopita alikuwa akimuuliza Esther, "Unafikiri Mama Yusuf alinisamehe?"

Jana nilimpigia simu Mama Khadija kule Isiolo. Nilimweleza swali la rafiki yake, na yale aliyoniambia Mzee Wilson. Akasema hivi, na ninasoma kama alivyosema:

"Nilimsamehe pale pale mlangoni, nilipoona viatu vyake vimejaa vumbi. Nilipomwambia najua, nilidhani nimemaliza. Kila mfuko niliomtumia nilidhani unamwambia. Kumbe alikuwa akingoja neno, na mimi nilikuwa nalo mdomoni miaka yote hii. Sasa nitamwambia nani?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa kituoni, tunampa pole Mzee Wilson Kipkemboi. Tunampa pole Esther na wajukuu. Tunampa pole pia Mama Khadija Abdi, ambaye katika matangazo ya kifo hatajwi kama jamaa, lakini leo tunamtaja. Mungu amlaze Mama Priscah mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Yuko mtu anayengoja kusikia kwako "nilikosa"? Yuko anayengoja "nimekusamehe", na wewe unadhani chai ilishamwambia? Mwambie kwa mdomo, asikie.

Mazishi ni Jumamosi, Sugoi. Mama Khadija ameniambia atafika. Amesema anataka kukaa karibu na Mzee Wilson, kwa sababu naye pia ana neno la kumwambia, na hilo hatalichelewesha.