Dada Mnachota-Wapi na Muhuri wa Siku Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, tueni kidogo mlichokishika. Leo tunamkumbuka mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mtafiti wa afya ya jamii, aliyefariki Jumatatu iliyopita kwa maradhi ya moyo aliyozaliwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Zilibaki wiki tatu avae joho. Nasema tena: wiki tatu.

Wengi wenu mlimjua kwa jina la utani, Dada Mnachota-Wapi. Jina hilo lilizaliwa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati. Shahada ya kwanza alikuwa nayo, ya hesabu. Ajira ya hesabu ndiyo aliyoikosa. Basi akawa karani kwa miaka sita. Karani huandika jina, umri na mtaa. Yeye alichora safu ya nne kwa rula na penseli, akawa anamuuliza kila mgonjwa, "Maji ya kunywa mnachota wapi?" Mwenye jino bovu aliulizwa. Aliyevunjika mkono aliulizwa. Mama mmoja alimjibu, "Mwanangu, mimi nimeanguka ngazini, sikutumbukia kisimani." Akacheka, akauliza tena, akaandika.

Safu hiyo ya nne ndiyo iliyomrudisha chuoni. Daktari wa zahanati aliyasoma madaftari yake kwa siku mbili, kisha akamwambia, "Binti, kazi hii ina jina. Inaitwa epidemiolojia. Ni kujua ugonjwa umetoka wapi, unamwendea nani, na utazuiwa vipi. Nenda ukaisomee."

Akaenda. Mama yake ameniambia, "Wachumba walikuja. Naye akawauliza wanachota wapi. Wawili hawakurudi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nimefika mahali ambapo ningependa kupapita kwa mbali. Sitapita kwa mbali.

Mwaka jana, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, binti huyu aliingia ofisini mwangu, hapa redioni, na karatasi moja. Katika wiki mbili alikuwa amehesabu wagonjwa thelathini na mmoja wa homa ya matumbo. Ishirini na sita kati yao walichota maji katika kisima kimoja, nyuma ya karakana ya magari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Barua ya idara ya afya iko wapi?"

"Iko mezani kwa mkuu wa idara, inangoja muhuri. Naomba dakika moja tu, mzee wangu. Watu wachemshe maji."

"Redio si ukuta wa kubandika kila karatasi. Lete muhuri."

"Na homa, mzee, nayo niiambie ingoje muhuri?"

Nilimwambia asinifundishe kazi. Aliinamisha kichwa, akaiacha karatasi juu ya meza yangu, akatoka.

Walimu walionilea, waliotupigisha magoti kwa doa moja la wino, walitufundisha kwamba neno lisilo na sahihi ni uvumi. Nililishika fundisho hilo. Walitufundisha pia kumsikiliza anayebisha mlangoni. Hilo nililisahau.

Muhuri ulitoka baada ya siku kumi na moja, ndipo nikatangaza. Kwa siku hizo kumi na moja alipita nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na moyo ule mliousikia. Nyumba zilikuwa nyingi, miguu ni miwili. Watu arobaini na watatu zaidi waliugua. Wawili walifariki: fundi viatu, na mke wa mlinzi wa shule. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mwaka mzima.

Baada ya mazishi, baba yake, ambaye ni fundi cherehani, aliniletea tasnifu ya binti yake. Alisema, "Nilikuwa nampunguzia joho. Akaniambia, baba, acha pindo refu, huenda nikarefuka." Kisha akanionyesha ukurasa wa themanini na nne. Nimeusoma mara nyingi. Unasema hivi: "Tangazo lilichelewa siku kumi na moja. Mtafiti aliomba mara moja, akanyimwa, hakurudi kuomba tena. Hilo ni kosa la mtafiti."

Jina langu halimo. Lilipaswa kuwamo. Kosa halikuwa la mtafiti. Nasema tena, kwa sauti hii hii iliyomnyima: kosa lilikuwa langu.

Kwa baba, kwa mama, kwa wenzake wa chuoni na zahanati, na kwa nyumba mbili zilizofiwa mwaka jana, poleni. Mungu awape subira. Nanyi mnaokalia meza zenye mihuri, tazameni leo ni karatasi ya nani iliyolala mbele yenu.

Ile yake niliifungia ndani ya mtoto wa meza. Kisima kile kimekwisha kufukiwa, lakini naisoma kama alivyoiandika:

"Ndugu zangu, chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote. Msichote katika kisima cha nyuma ya karakana. Mwenye homa asingoje, aje zahanati. Na mkiulizwa mnachota wapi, msikasirike, tunawapenda."

Nimeitazama saa ya studio, wasikilizaji wapendwa. Aliomba dakika moja. Zimetosha sekunde ishirini.