Dirisha Lililoondoka Bila Kuaga

Benchi la kahawa ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nje ya karakana ya friji, ng'ambo ya barabara kutoka zahanati. Hapo Mama Birika humimina kahawa huku macho yake yakiwa barabarani akitafuta wateja wengine, maana nafasi za wenyeji anazijua kwa mazoea, hana haja ya kuzitazama. Sheria ya benchi ni moja: ukiinuka, mwambie "nitoe", naye ataruka nafasi yako mzunguko ujao. Asubuhi hiyo walikaa wanne. Kulikuwa na Freoni, fundi friji; Kamati, karani mstaafu ambaye hajawahi kukutana na jambo asilotaka kuliongoza; Msumari, seremala; na binti mtengeneza programu waliyempa jina la Madirisha, kwa sababu kila akifungua mdomo anazungumzia madirisha ya kwenye kompyuta. Laptopu yake alikuwa ameipakata kama mtoto mwenye homa.

— Bado inaanguka? Freoni aliuliza.

— Bado, kaka. Nikifungua dirisha la mgonjwa, sawa. Nikilifunga, sawa. Nikihesabu mpaka nne, mpaka tano hivi, programu nzima inazimika.

— Na daktari mkuu anaikagua lini?

— Leo saa nne. Imebaki nusu saa. Shangazi yangu wa mapokezi ndiye aliyeniombea kazi. Ameshatangaza zahanati nzima kwamba mwanawe anakuja kuwatoa kwenye madaftari. Ikianguka mbele yao, mimi nitajiendea zangu. Yeye atabaki pale, wamcheke mpaka astaafu.

Hilo ndilo lililomuuma. Kwa siku mbili alikuwa amekikagua kile kitufe cha kufungia dirisha, mstari kwa mstari, na hakuona kosa. Kitufe kiliambiwa kifunge, nacho kilifunga.

— Hilo ni joto, Freoni alisema. Friji ikikosa kupumua, inajizima. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kompresa ikipanda sana, lazima ishuke.

— Kompyuta haina kompresa.

— Ndiyo maana inaanguka.

Msumari alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayewaona wenzake wakipotea.

— Meza unayofanyia kazi ina mguu mfupi, alisema.

— Nafanyia mapajani.

— Basi mguu wako mmoja ni mfupi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walishasema.

Simu ya Msumari ikalia. Mteja fulani mlango wake umegoma kufunga. Msumari akainuka, simu sikioni, kikombe mkononi, akaondoka nacho huku akibishana. Hakuna aliyemtazama, kwa kuwa Kamati alikuwa ameshakohoa, na Kamati akikohoa mkutano umefunguliwa.

— Mimi nimeishi na mafaili miaka thelathini, alianza. Faili la mgonjwa lina siri. Wewe unalifungua, unachungulia, unalifunga. Programu imeshaona mambo ya watu. Inaona haya. Inajikaza sekunde tano, inazirai.

— Inazirai, mzee?

— Kwa haya. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yako iko wapi?

— Sina kata.

— Umeona?

Freoni alikuwa ameanza kuwaza mbali zaidi.

— Humo ndani kuna wagonjwa wa kuambukiza?

— Wamo.

— Imeambukizwa hiyo. Ukifunga dirisha hewa haiingii, homa inapanda, sekunde tano, kwisha.

— Naunga mkono, Kamati alisema. Napendekeza ipigwe sindano.

Madirisha alicheka bila kutaka. Ndiyo sababu alikuja kukaa hapa badala ya kujifungia chumbani na hofu yake. Lakini saa ya kwenye kioo cha laptopu haikuwa na utani, na kicheko kilimwishia mapema.

Mama Birika akapita na mzunguko wa pili. Akammiminia Freoni, akammiminia binti, akammiminia Kamati. Kisha, macho barabarani, akamimina pale pa Msumari, pembeni mwa Kamati. Kikombe hakikuwepo. Kahawa ya moto ikatapakaa ubaoni, ikamfikia Kamati chini ya makalio. Mzee akaruka juu kama kijana. Ubao, ukiwa umepungukiwa uzito wa upande ule, ukainuka na kumbwaga Freoni, kisha Madirisha, vikombe vyote na gazeti la Kamati. Benchi zima likawa chini.

Katika vumbi hilo akatokea mke wa Msumari, msumeno mkononi.

— Shemeji zangu, mume wangu yuko wapi? Amesahau msumeno.

— Yupo hapa, Kamati alisema, bado anajipangusa.

— Hapa wapi?

Wakatazama. Hapakuwa na mtu.

— Mimi sina kosa, Mama Birika alisema. Namimina pale ninapojua pana mtu.

— Sasa nani alimwambia huyu mama kwamba mume wangu ameondoka?

Freoni alimtazama Kamati. Kamati alilitazama gazeti lake.

Madirisha alikuwa ameketi chini, laptopu ameinyanyua juu ya kichwa isilowe.

— Hakuna, alisema taratibu. Hakuna aliyemwambia.

Wiki ya kwanza ya kazi alikuwa ameandika saa ndogo ndani ya programu, akaisahau. Kila sekunde tano ilipeleka namba mpya ya foleni kwenye kila dirisha ililolijua. Dirisha likifungwa, lilibomolewa kabisa na nafasi yake ikarudishwa, lakini saa ilibaki na anwani ile ya zamani. Ikaja bila kutazama, ikamimina pasipo na kikombe, programu nzima ikaanguka. Kitufe alikionea bure siku mbili.

Akaandika mstari mmoja: dirisha, kabla halijafungwa, liiambie saa ilitoe. Akafungua dirisha la mgonjwa. Akalifunga.

— Moja, Freoni alihesabu. Mbili. Tatu.

Kwenye tano wote walikiinamia kioo. Kwenye kumi Kamati alitaka hesabu ifungwe rasmi, wakamkatalia. Walifika thelathini, na programu ilikuwa hai. Madirisha akaona macho yanamlowa, wala hakujificha.

Zikiwa zimebaki dakika nne alivuka barabara. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati, mikono ameikunja kifuani. Katikati ya barabara binti akasimama, akageuka.

— Mama Birika, nitoe.

— Sikutoi, Mama Birika alijibu, naye alikuwa akimtazama yeye, si wateja. Nenda, urudi utuambie.