Gullvi Hedenskog, Aliyeufundisha Mji wa Hjo Kuogelea

Gullvi alizaliwa tarehe 14 Februari 1936 hapa Hjo, katika nyumba ya mbao iliyo juu ya bandari, akiwa kitindamimba wa watoto watatu. Wa kwanza ni Alva, aliyeketi hapa mbele. Wa katikati alikuwa Sixten, aliyezama katika ziwa letu la Vättern Agosti 1945, akiwa na miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo Alva hajagusa maji yale. Hata kanisani huja kwa kuzunguka barabara ya juu. Gullvi yeye alijitosa humo humo.

Alisoma shule ya mji, kisha chuo cha ualimu. Kuanzia 1957, kila kiangazi kwa miaka arobaini, aliwafundisha watoto wa hapa kuogelea, katika maji yanayokata pumzi hata mwezi wa Julai.

"Ingia, mwanangu," aliwaambia waliotetemeka gatini. "Kilio utakimalizia majini."

Ukitazama viti hivi, babu na mjukuu wamefundishwa na mtu mmoja, na wote wako hai. 

Mwaka 1960 seremala Ragnvald alimposa. Akajibiwa, "Siolewi na mtu wa kuzama." Ragnvald akapanga foleni na watoto wa miaka saba, na ndevu zake, akafeli mara mbili. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1961. Badala ya ua, bwana harusi alivaa kifuani beji yake ya kufuzu kuogelea.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua Gullvi. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Mei 2019, dirisha likiwa wazi asikie mawimbi. Aliacha ombi moja, kwamba majivu yake yatiwe ziwani. Alva alikataa katakata.

"Lilishamla Sixten. Na huyu nililetee kwa mikono yangu?"

Ragnvald alimmiminia kahawa. "Shemeji, unadhani alikuwa analipenda lile ziwa? Alikuwa analinyima watoto. Miaka yote ile halikumpata hata mmoja wa kwake."

Alva aliikoroga kahawa mpaka ikapoa. Kisha akauliza kama ngazi za gatini bado zipo.

Gullvi ameacha mume, Ragnvald, binti, Tyra, wajukuu wawili, na dada yake Alva, ambaye baada ya ibada hii atashuka ngazi zile mwenyewe, maji yamfike kiunoni, akimpeleka mdogo wake. Ametuomba tusimshike mkono.

Apumzike kwa amani, Gullvi wetu, karibu na Sixten.