Miguu ya Gati wa Kerende

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo nina uchovu ambao hata chai haiutoi. Tunamkumbuka Gati Magige wa Kerende, mwosha mchanga wa dhahabu, tuliyemzika wiki iliyopita.

Gati alikuwa mkulima wa mahindi mpaka dhahabu ilipovuta watu kutoka kila upande. Kaka yake, Heche, akafungua mwalo, yaani pale mchanga uliosagwa unapooshwa. Mwaloni kwa Heche sheria ilikuwa moja: hakuna kuingia na gambuti. Wote peku. Alisema dhahabu yake inatoka imejificha kwenye tope la soli. Hata Gati, dada yake wa tumbo moja, hakumsamehe. Gati alimtania kwamba iko siku ataamuru miguu nayo ibaki getini. Wakacheka. Miaka ikaenda, Gati yumo kwenye tope lile, na watu wanajisaidia pembeni yake, maana choo hakikuwapo.

Nyayo zikaanza kuwasha. Kikaja kikohozi, kifua kikapiga filimbi. Akachoka. Jamani, Gati alichoka.

Hospitali wakampima damu. Eosinofili zilikuwa juu. Daktari akamweleza kwamba hizo ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Zikizidi, hilo si jina la ugonjwa, ni dalili kwamba kuna jambo. Huenda mzio, huenda pumu, huenda minyoo. Akamuuliza kazi yake, akaitazama miguu yake, akamtaka alete choo kipimwe. Dawa ya kifua asinunue kwanza.

Gati hakurudi. Alipitia duka la dawa, akanunua vidonge vikali vya pumu alivyosifiwa na wenzake. Kifua kikafunguka. Sasa nani atarudi hospitali wakati anapumua vizuri?

Lakini haikuwa pumu. Ilikuwa minyoo midogo inayoingilia kwenye ngozi ya nyayo. Narudia, kwenye ngozi ya nyayo. Vidonge vile viliwafunga mikono wale askari, minyoo ikazaana, ikasambaa mpaka mapafuni. Aliporudishwa hospitali, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Heche alikaa naye wodini. Gati hakumlaumu. Alimwomba tu wanawe wasiingie mwaloni peku. Heche akaahidi huku analia. Kulipokucha, Gati akafariki.

Msibani nilimwamkia Heche shikamoo. Akaitikia kwa sauti iliyokauka, kisha akasema: "Kama nilihofia tope, ningeweka beseni la maji getini. Watu wakitoka waoshe gambuti, tope libaki kwangu. Beseni tu. Sikuwaza."

Inauma, wasikilizaji wapendwa. Poleni watoto wa Gati, pole Heche, poleni nyote wa Kerende. Wewe uliyepewa majibu ya damu ukayaweka chini ya godoro, rudi kwa daktari ukaulize. Na wewe mwenye mwalo, hebu itazame miguu ya watu wako.

Jana nilipita pale. Beseni lipo getini, maji yake yamejaa tope, na watu wanaingia na gambuti zao. Kando kuna jozi moja mpya. Heche aliinunua Tarime, dukani kwa Zuleha, siku dada yake alipolazwa. Ni saizi ya Gati, na hakuna anayeigusa.