Maisha ya Kijana Wetu Kengele, Aliyekwenda Kuhubiri Akabaki Akimgeuza Fundi

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 2002, siku ya Ijumaa asubuhi, katika wodi ya wazazi ambayo siku hiyo maji yalikuwa yamekatika. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kiume peke yake, kwa baba yake fundi umeme na mama yake muuza vitambaa. Alilia kwa sauti kali mpaka mkunga akasema, "Huyu mmezaa kengele, si mtoto." Jina likamganda. La kwenye cheti lipo, ila hata walimu walilitumia siku za mitihani tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 2009, na sekondari akamaliza mwaka 2020. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, alikuwa pale katikati ambapo macho ya walimu hayafiki. Kilichomtambulisha ni sala. Siku ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi aliambiwa aongoze maombi kabla karatasi hazijagawiwa. Akawaombea wanafunzi, akawaombea wasimamizi na wasahihishaji, akaziombea karatasi zenyewe na waliozichapa, mpaka mwalimu mkuu akafungua jicho moja, akaangalia saa ya ukutani, akasema, "Amina. Keti, mwanangu. Mungu ameshaelewa, tusimchoshe."

Mwaka 2021 aliajiriwa kwenye tanuri la mikate. Kazi ya kukanda unga ilimjaza mikono na kifua, akawa kijana wa kutazamika. Tajiri wake, ambaye yupo nasi hapa, anakumbuka namna alivyokuwa akihubiria foleni ya wateja. "Nilikuwa namwambia, Kengele, watu wamekuja kununua mkate, wape mkate kwanza." Lakini hakuwahi kumfukuza, maana kijana hakuchelewa kazini hata mara moja na hakuonja mkate bila kuomba.

Kuoa hakujaliwa. Alikuwepo binti wa kwaya, mwimba sauti ya pili, na walikubaliana amsubiri arudi kutoka kuhubiri. Babu yake aliwahi kuwauliza ndoa ni lini. Binti akajibu, "Babu, muulize mjukuu wako. Kila tukikaa kupanga tarehe anaanza na sala, na sala ikiisha na mimi natakiwa nyumbani." Tulicheka siku ile. Yeye ndiye huyo aliyekaa karibu na mama, na tunaomba asiulizwe maswali leo.

Tarehe 14 Januari 2024 kanisa lilimuaga, akaenda nchi ya watu kutumika kama mmisionari kwa miaka miwili. Walimpanga chumba kimoja na kijana mwenzake aliyetoka nchi nyingine kabisa, mrefu mno, ambaye watoto wa mtaa ule walimwita Nguzo. Nguzo ndiye aliyekuja na jeneza, na mengi ya kuanzia hapa ni yeye aliyetusimulia.

Kanuni ya misheni yao ilikuwa ni kwenda wawili wawili, kula pamoja, kutembea pamoja, mmoja asipotee machoni pa mwenzake. Simu ya nyumbani ilikuwa Jumapili tu. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, jiko la sahani moja, na kamba iliyovuka katikati kwa ajili ya mashati meupe, ambayo waliyafua kwa mikono na kuyavaa kabla hayajakauka vizuri. Waliamka, wakaomba, wakasoma, wakanywa chai na mkate, wakafunga tai, wakatoka kugonga milango. Mtaa wenyewe ulikuwa wa majengo marefu ya kijivu, ngazi za saruji, na lifti zilizokufa siku nyingi. Neno la kwanza la lugha ile ambalo Kengele alilielewa bila kutafsiriwa lilikuwa "hatununui". Wengine walifungua mlango kwa upana wa pua. Wengine waliwajibu kwa kuongeza sauti ya redio. Mtu mzima anaweza kucheka hayo yakimpata mara moja. Yeye yalimpata kila siku, mwaka mzima na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini kumsikiliza mpaka mwisho. Nguzo anasema zilikuwapo asubuhi ambapo Kengele alikaa kitandani amevaa soksi moja, nyingine ameishika mkononi, na hakuweza kuendelea.

Siku moja, ghorofa ya nne, waligonga mlango na sauti ikawajibu kutoka ndani, "Haujafungwa. Kama ni mwizi, chukua kiti. Kama ni mhubiri, rudi ulikotoka."

Wakaingia. Kitandani alikuwa amelala mwanamume wa makamo, mwashi, ambaye jengo zima lilimwita Fundi. Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na hisia. Hospitali ilimrudisha nyumbani kwa kukosa kitanda. Chumba kilinuka kidonda.

"Nyie watu wa tai," Fundi akawaambia, "kwa Mungu wenu mimi nilishapanda. Nilikuwa napiga plasta mnara wa kanisa, mbao ikakatika, nikashuka kwa njia ya mkato."

Kengele akamwuliza, "Mzee, nani anakugeuza?"

"Anigeuze kwani mimi godoro?"

Mpwa wake wa kike, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, alimletea chakula akitoka zamu na kumsafisha pale mkono ulipofika. Lakini alikuwa mwembamba, na kumwinua mjomba wake hakuweza. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeshafunguka.

Jumapili iliyofuata Kengele alimpigia mama yake simu ya picha, amwonyeshe namna alivyokuwa akimgeuza bibi miaka ile bibi alipolala kitandani. Mama hakutaka kueleza kwa maneno. Akamlaza babu kwenye kitanda, akakunja shuka, akalipitisha chini yake, akamvuta huku, akamvuta kule, mto katikati ya magoti, mto nyuma ya mgongo, simu imeegemezwa kwenye kikombe. Mwishoni babu akauliza kama na yeye ameshafikia hatua hiyo. Kengele alicheka mpaka simu ikamponyoka. Ndicho kicheko chake cha mwisho tulichokisikia hapa nyumbani kilichotoka moyoni.

Basi ikawa kazi. Asubuhi na jioni walipanda ngazi zile, Kengele upande mmoja wa shuka, Nguzo upande wa pili, moja, mbili, tatu. Fundi aliwatukana wakimvuta na kuwatukana wakimwachia. Walipatana hivi: wakishamgeuza, wao watahubiri na yeye atasikiliza mpaka birika lichemke. Siku ya kwanza Fundi akaagiza, "Weka maji ya kikombe kimoja tu." Siku ya pili Kengele akalijaza mpaka mdomoni. Fundi akalitazama lile birika, akasema, "Mhubiri mwizi. Endelea." Vidonda vikaanza kufunga.

Mwanzoni mwa Juni mwaka huu wa 2025 kiongozi wao wa misheni aliwapigia. Alikuwa mtu wa upole, na hatumlaumu. "Mtaa huo hajabatizwa mtu hata mmoja tangu mfike," alisema. "Wakubwa wamesema tuufunge. Mtahamia mji mwingine, na hapo hatuleti vijana wengine." Kengele akamwomba sana. Kiongozi akampa mpaka katikati ya mwezi, akaongeza, "Angepatikana hata mmoja, mwanangu, ningekuwa na la kuwaambia."

Jioni ile walimweleza Fundi. Akauliza, "Wanataka wangapi?"

"Hata mmoja," Nguzo akajibu.

"Si mimi hapa? Leteni bakuli la maji."

Nguzo alikuwa ameshanyanyuka kulichukua. Amesema hivyo mwenyewe. Kengele akabaki amesimama na shuka mkononi.

"Mzee, unaamini?"

"Naamini usiponigeuza nitaoza. Haitoshi?"

Birika likachemka, likapiga kelele, hakuna aliyelitoa. Mwishowe Kengele akasema, "Siwezi, mzee. Nitakutafutia mtu."

Fundi akageuza uso ukutani, na hicho ndicho kitu pekee alichoweza kukigeuza mwenyewe. "Haya," akasema. "Nenda ukawe msafi."

Kwenye ngazi Nguzo akamgombeza. "Ungemdanganya nani wewe? Mungu anauona mgongo wake."

"Na mimi ananiona," Kengele akasema. Akakaa pale kwenye saruji, akalia kwa sauti, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni.

Hapa nyumbani jambo hili limezungumzwa mpaka tumechoka. Baba yake anasema kijana alifanya sawa, na kwamba hivyo ndivyo alivyomlea. Mama yake anasema maji ni maji, angemmwagia na Mungu angeelewa. Babu amewasikiliza wote wawili na hana la kuwaamulia.

Akaanza kugonga upya milango ile ile. Safari hii hakuwa na habari za mbinguni. Alitafuta watu wawili wa kumgeuza Fundi asubuhi na jioni. Milango ilifunguka zaidi kuliko zamani, ila waliposikia shida yenyewe ilifungwa haraka zaidi. Mama wa mlango wa pili akasema, "Huyo? Aliyemwita mume wangu mbuzi? Muache aoze." Mlinzi mmoja mstaafu akamwonyesha mgongo wake mwenyewe, umejipinda. Mwanafunzi mmoja alikubali, akaja, akaona kidonda, akatapikia sinki, hakurudi. Mpwa alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, na kila alipowaona alianza kuomba radhi kabla hawajasema kitu.

Kengele akaamua kufunga. Hakula wala kunywa mpaka jioni, akiomba apatikane mtu. Nguzo alifunga naye siku za mwanzo, na yeye pia akasikia kizunguzungu na kichwa kuuma. Kwa hiyo Kengele alipoanza kuchemka mwili, alipoanza kupanda ngazi akishika ukuta, alipolala na shati kwa kutetemeka, wote wawili walisema ni mfungo. Ndilo kosa lililotokea, na ni kosa la watu wema. Jumapili ya tarehe 8 alipopiga simu, mama akamwuliza, "Mbona midomo imekauka hivyo?"

"Nimefunga, mama."

"Funga, lakini maji unywe."

"Nitakunywa. Niombeeni mtu, mama. Wawili. Hata mmoja."

Ijumaa tarehe 13 Juni, asubuhi, wakiwa wameshika shuka, Nguzo alihesabu moja, mbili, na ilipofika tatu upande wa pili haukuvutwa. Kengele alikuwa ameanguka juu ya miguu ya Fundi. Fundi hakuhisi uzito wake. Alipoelewa, alipiga kelele za kuita watu, mtu yule ambaye hakuwahi kumwomba jirani yeyote chumvi, na ngazi nzima ikafungua milango. Mume wa yule mama wa mlango wa pili alikuwa wa kwanza kuingia. Walimbeba Kengele kwa shuka la Fundi kutoka ghorofa ya nne mpaka barabarani.

Daktari alisema ni homa ya matumbo, na kwamba utumbo ulikuwa umeshatoboka. Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Alizinduka, akajua alipo, akauliza jambo moja tu, na akaliuliza kila siku. "Umemgeuza?" Nguzo akajibu ndiyo. Haikuwa kweli, maana hakutoka pembeni ya kitanda kile. Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, mwenzake amemshika mkono.

Nguzo alitoka hospitali akapanda kwa Fundi. Alimkuta mpwa ameketi sakafuni, amejaribu kumvuta peke yake na ameshindwa, na vidonda vimefunguka tena. Akamweleza. Fundi hakutukana. Alisema tu, "Sasa wewe mrefu utanigeuza na nani?"

Jeneza lilifika Jumamosi. Mama yake aliweka kiganja juu ya mbao, akakiacha pale, na wanawake waliokuwa tayari kumshika hawakuhitajika. Kisha akamgeukia Nguzo. "Na yule Fundi, leo kageuzwa na nani?"

"Mama, sijui," Nguzo akasema. Kesho Nguzo anaondoka kwenda mji mpya aliopangiwa, ambao si ule.

Marehemu ameacha baba na mama, babu mmoja, dada wawili na shemeji mmoja, wapwa watatu, na binti wa kwaya ambaye familia inamhesabu kuwa wake. Amemwacha Nguzo, ambaye kuanzia leo ni mtoto wa nyumba hii. Na amemwacha Fundi, ghorofa ya nne, ambaye wakati haya yanasomwa amelala ubavu wa kushoto, pale Nguzo na mpwa walipomlaza asubuhi ya kuondoka na jeneza, isipokuwa kama kuna mtu amefungua mlango ule. Mama ameomba kwamba anayetaka kumfariji asimletee maua, amwombee mtu huyo.

Kengele apumzike sasa, maana alichoka kweli. Mungu amjibu yeye mwenyewe lile swali lake la hospitali, kwa sababu sisi hatuna jibu.