Khachon na Sumaku ya Kukorogea Dawa

Waheshimiwa watawa, ndugu na majirani, mimi ndiye bibi yake marehemu Khachon, niliyemlea, kusoma sijui, kwa hiyo nasema kutoka kichwani.

Khachon alizaliwa hapa Nan tarehe 12 Machi 2519, kwa kalenda yetu ya Kibuddha, akasoma hapa hapa, akaenda Bangkok, kisha Japani, akarudi na udaktari wa kemia mwaka 2548, akaajiriwa chuoni, tarehe 9 Februari 2550 akamuoa Wilaiphon, na mwaka 2552 wakampata Phim, binti yao mmoja.

Kazi yake alinieleza jikoni, kwamba dawa ina umbo la kulia na la kushoto kama viganja vyetu, hili linaponya, lile linadhuru, na yeye alitaka akiunganisha naitrojeni kwenye dawa litoke umbo la kulia tupu, ndani ya maji, bila yale madini ya sumu ya viwandani yanayoishia mitoni. Mwaka 2561 akafaulu, ikaandikwa kwenye jarida, tukachinja nguruwe.

Mwaka 2563 kisumaku chake cha kukorogea, kile kinachozunguka ndani ya chupa ya dawa, kikapasuka, akaweka kipya, dawa ikatoka nusu kulia nusu kushoto, ndipo akajua kile cha zamani kilikuwa kimenyonya madini ya kazi za nyuma, na madini ndiyo yaliyokuwa yakifanya kila kitu. Akaja kwangu, "Bibi, nimewaongopea watu bila kujua, nataka niandike nikanushe," nikamwambia, "We Khachon, una wazimu, nguruwe tumeshamla, unataka wale wa ng'ambo ya mto watucheke mpaka lini?" Wilaiphon akasema, "Andika, baba Phim, usipoandika hutatoka ndani ya uongo huo," nikamwita mchawi wa nyumba yangu, na hatujasemezana tangu siku hiyo.

Naye akakaa katikati yetu miaka mitatu, kila asubuhi anafungua maabara, anakaa tu, kuanza kazi mpya juu ya uongo hawezi, kuufuta hawezi kwa ajili yangu. Ugonjwa wa ini ukamshika Januari 2566, akafariki tarehe 4 Agosti, ana miaka 47.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, walimu wenzake mliombeba.

Siku mbili kabla hajafa aliandika ile barua ya kukanusha, akanipa, "Bibi, mpelekee wewe mkuu wa chuo, ndiyo nitajua umeniruhusu," nikasema sawa, nikaificha, akafa ananiuliza kama nimefika chuoni. Wilaiphon, mwanangu, hii hapa, njoo uichukue kabla moto wa kumchoma marehemu haujawashwa, uisome kwa sauti, wa ng'ambo nao wasikie.

Khachon, nimekuruhusu, nenda mjukuu wangu, ukapumzike.