Plasta Alikuwa na Familia

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha plasta, mwenzetu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wetu tulishalisahau. Wagonjwa, madaktari, wafagizi na walinzi wa getini wote wanamwita Plasta, naye anaitika bila kinyongo.

Wasifu wa namna hii una utaratibu wake. Unataja miaka ya kazi, unachekesha kidogo, unaishukuru familia iliyomvumilia mstaafu, kisha watu wanapiga makofi. Safari hii ofisi ya utumishi ilituomba tukifika kwenye familia tuandike kwamba "hakujaliwa", halafu tusonge mbele. Tulimpelekea Plasta neno hilo akiwa anasugua beseni lake. Hakuacha kusugua.

"Nilijaliwa," alisema. "Andikeni hivyo. Na Fundi msimwite rafiki yangu. Marafiki ninao wengi. Yule alikuwa mwenzangu."

Basi tunaandika, kwa ruhusa yake.

Alipoajiriwa alikuwa kijana mwembamba ambaye koti la kazi lilimvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Alianza kwa kukata bendeji na kubeba ndoo za maji ya uvuguvugu. Baada ya muda mfupi daktari wa mifupa akawa hataki mtu mwingine amshikie mguu wa mgonjwa wakati plasta inakauka. Ni kazi ya subira: ukitikisika, mfupa unaunga upande, na mtu anachechemea maisha yake yote kwa sababu wewe mkono ulikuwasha.

Watoto ndio walikuwa watu wake. Msumeno wa kukatia plasta unapiga kelele kama wa kupasulia mbao, lakini meno yake yanatetemeka tu na hayaikati ngozi. Mtoto hayajui hayo. Plasta alikuwa akiuwasha na kujiwekea kiganjani, anakunja uso kama anayetekenywa, na mtoto anacheka kabla hajakumbuka kulia. Wakubwa ndio waliomsumbua. Yupo bondia mmoja, kifua kama kabati, aliyeuona msumeno akaanguka chini kama gunia. Plasta alimpepea kwa picha ya eksirei yake mwenyewe mpaka akazinduka, na hajamtaja kwa mtu hadi leo. Sisi tuliokuwepo ndio tunaomtaja.

Fundi aliingia chumbani humo akiwa ameshika mkono wa kulia kama mtoto mchanga. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka nyuma ya soko, ameteleza kwenye ngazi akitundika kibao chake kipya. Plasta alimfunga, na wiki zilipotimia akamfungua. Mkono ulipona, ziara hazikuisha. Mwaka uliofuata wakapanga nyumba moja, wakaishi pamoja miaka ishirini na miwili. Nusu ya wauguzi wa hospitali hii wamevaa sare zilizopita mikononi mwa Fundi, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu mshono.

Dada yake Fundi alipofariki aliacha binti wa miaka minne. Ndugu waliangaliana. Fundi na Plasta wakamchukua. Binti alimwita mmoja Mjomba na mwingine Baba, tena bila kufundishwa na mtu. Mwaka wake wa kwanza shuleni, Plasta ndiye aliyemsuka, na walimu waliuliza kwa upole kama mtoto ameumia kichwa, maana nywele zilikuwa zimezungushwa kwa mtindo wa bendeji. Alijifunza. Binti alipofika darasa la tatu, wasichana wa mtaani walikuwa wakija kupanga foleni kibarazani.

Hiyo ni familia. Kama kuna anayeifahamu iliyo bora zaidi, aje atuonyeshe.

Lakini watu walikuwa wanasema. Walisema kwenye korido, jikoni, hata kwenye kitanda cha mgonjwa. Mzazi mmoja alienda kwa wakubwa kudai kwamba mtu wa aina ile asimguse mtoto wake. Hakusema Plasta amefanya nini, kwa sababu hakuwa amefanya kitu. Wakubwa hawakuuliza. Walimhamishia stoo ya magongo, akakaa humo karibu miaka miwili akifuta vumbi, huku watoto wakishikiliwa na watu watatu ili wafunguliwe plasta. Alirudishwa kimyakimya, bila samahani, siku mtoto wa mkubwa mmoja alipovunjika kiwiko.

Ukuu wa kitengo ulimpita mara tatu. Sababu waliyompa ni kwamba hana mke, kwa hiyo hajatulia. Mmoja wa walioteuliwa badala yake alikuwa analala ndani ya gari lake kwenye maegesho yetu kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Huyo ndiye aliyehesabiwa kuwa ametulia.

Kisha Fundi akaugua. Alilazwa humu humu, ghorofa moja juu ya chumba cha plasta. Kaka yake mkubwa, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani kwao miaka mingi, alifika na kuagiza kwamba wanaoruhusiwa ni ndugu wa damu tu. Wodi ikamtii. Plasta alikuwa anaingia kila wodi ya hospitali hii akiwa na beseni na bendeji, kasoro ile moja. Saa za kuona wagonjwa alisimama nje ya mlango na chakula mkononi, watu wakimpita wakiingia, na baadhi yao walikuwa wateja tu wa dukani ambao hakuna aliyewauliza undugu wao.

Binti alikuja kutoka chuoni. Muuguzi wa zamu alimfungulia kwa sababu ni mpwa wa mgonjwa. Hakuingia.

"Nimekuja na baba yangu," alisema. "Akibaki nje, na mimi nabaki nje."

Mjomba wake mkubwa akamwambia asiwatie aibu. Binti akamjibu kwamba mara ya mwisho mjomba huyo kumwona, yeye Binti alikuwa bado anaota meno, basi amwache azungumze na muuguzi. Muuguzi alimtazama Plasta, mtu aliyemfunga mwanawe plasta mara mbili, akausukuma mlango ukawa wazi.

Fundi alikuwa hawezi tena kusema. Alinyoosha mkono akashika kifungo cha koti la Plasta kilicholegea, akakigeuzageuza kama anayetafuta sindano. Plasta alikaa hapo mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha. Fundi alifariki wiki hiyo hiyo.

Ofisi ya utumishi ilimnyima likizo ya msiba. Likizo hiyo ni ya mke, mtoto, mzazi au ndugu, na wao waliona amefiwa na mpangaji mwenzake. Alienda kuzika bila ruhusa. Alikaa nyuma kabisa, na Binti akainuka kwenye viti vya mbele vya ndugu, mbele ya macho ya watu wote, akaja kukaa naye. Waliporudi nyumbani walikuta mlangoni kufuli jipya la ndugu wa Fundi, na nguo za Plasta ndani ya mfuko kwenye ngazi ya jirani. Kazini alikuta onyo la utoro.

Asubuhi iliyofuata alimfungua plasta mtoto aliyekuwa amevunjika mguu kwenye bembea. Aliuweka msumeno kiganjani, akakunja uso, mtoto akacheka.

Tumeambiwa haya hayafai kusomwa kwenye sherehe. Kisichofaa ni kuyatenda. Tangu wakati huo chama cha wafanyakazi kimeomba kila mwaka likizo ya msiba itolewe kwa yeyote aliyefiwa na mtu aliyeishi naye nyumba moja. Kila mwaka wakubwa wanajibu kwamba wanalitafakari. Watu wameendelea kufa, wao wanatafakari.

Plasta, asante kwa mifupa yote iliyounga sawasawa, na asante kwa kutuachia chumba chenye amani kuliko ulivyokikuta. Sasa unahamia kwa Binti, ambaye ni mwalimu na mama wa mapacha wenye miguu isiyotulia, kwa hiyo hatudhani utapumzika sana. Ametuambia chumba chako kiko tayari, na kwamba picha ya Fundi ameitundika sebuleni, mahali ambapo kila mgeni ataiona kabla hajakaa. Tunakutakia maisha mema, wewe na watu wako.